Yaya Mbele ya Jaji

Jumatatu, 16 Julai 2018

Yaya Denise, dada yangu mkubwa, tumbo lililokubeba ndilo lililonibeba,

Nakusalimia katika jina la Bwana aliyetufikisha leo. Mgongo unaendeleaje? Yale majani ya Mama Hélène bado unayachemsha, au uchungu wake umekushinda? Na huko Uvira, watu wanapata usingizi? Sisi huku Johannesburg ni wazima, mimi na shemeji yako Octave na Sagesse, isipokuwa baridi. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na ngozi ya barafu, naivunja kwa mwiko kabla ya kunawa uso.

Tangu simu yako iangukie ziwani sina njia ya kukupata. Marthe, yule wa kwaya anayeuza vitenge, atapanda basi la kurudi nyumbani shule zikifungwa mwisho wa Septemba. Nikasema moyoni, nitamwandikia yaya kidogo kidogo, siku yenye neno na siku isiyo na neno, Marthe ambebee yote pamoja. Utanisamehe mwandiko. Unajua shule yangu iliishia la sita, kalamu naishika kama sindano.

Kesho Sagesse anarudi shuleni, na hilo ndilo linalonikaa kifuani. Yuko mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Ile shule ya huku juu, yenye bwawa la kuogelea, ilipompokea tulipiga magoti kushukuru. Siku ya kumwandikisha karani aliniuliza, "Nyumbani mnasema lugha gani?" Nikajibu kifua mbele: Kiswahili. Wakamtia darasa D. A, B na C ziko kwenye jengo la matofali. D iko nyuma ya bwawa, chumba cha mabati. Wanasema ni ya watoto wasio na Kiingereza. Yaya, mtoto huyu anaota kwa Kiingereza! Namsikia usingizini. Na huko D hawapewi hata kile kitabu cha hesabu cha wenzao.

Sasa, ripoti ya mwisho wa muhula huu ndiyo shule za sekondari zinayoitazama. Zikiona D zinafunga mlango. Octave ameambiwa na mlinzi mwenzake, ambaye binti yake alifungiwa mwaka jana. Hivyo nina muhula mmoja, na sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye maombi.

Jumanne, 17 Julai

Ameenda. Nimemvalisha soksi jozi mbili.

Jumapili, 22 Julai

Leo ilikuwa ibada ya Kiswahili ya mwezi, kwenye ukumbi wa Braamfontein, pale tunapochanganyika sisi Wakongomani, Warundi, Watanzania, na wale Wakenya wa magari. Wakenya hao, nikuambie ukweli, siwapendagi sana. Wanakusalimia huku wakitazama saa.

Pasta Ezéchiel alipohubiri, Sagesse alikaa nyuma na watoto wadogo akiwatafsiria kwa Kiingereza, maana hawa waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia tu kama mvua ya jirani. Mama mmoja Mkenya akasimama nyuma yake akisikiliza mpaka amina. Anaitwa Rispah, ni mwanasheria wa benki. Baadaye kwenye chai akanijia.

"Huyu msichana ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Mama, huyu anatafsiri kuliko watu wa bunge! Mrembo, uko darasa la ngapi?"

"La saba D," akasema Sagesse.

"Kwani D ni ya nini?"

"Ni ya sisi tusiojua Kiingereza." Na akalisema kwa Kiingereza, yaya, kile cha kupitia puani kama cha televisheni.

Rispah akacheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza jina la shule, na kicheko kikakatika. Mwanawe, Josiah, yuko shule hiyo hiyo. Darasa A.

"Nawe walipokuuliza lugha ya nyumbani ulijibu nini?" nikamuuliza.

"Kiingereza," akasema, akiangalia kikombe chake. "Si uongo. Josiah hawezi hata kuomba maji kwa Kiswahili."

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira na mtu ambaye hajanikosea.

Jumanne, 24 Julai

Nimeshona sare mpaka vidole vimekufa ganzi. Hakuna habari.

Ijumaa, 27 Julai

Rispah alikuja kunichukua hapa Bellevue na gari lake jeupe. Watoto wa vyumba vya nyuma wakakimbia ndani wakipiga kelele, wakidhani ni mtu wa kufukuza wapangaji. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu.

Ni mama wa Kizungu mwenye sauti ya kubembeleza, alitupa biskuti. Rispah alikuwa ananitafsiria pale Kiingereza kilipokimbia. "Ni darasa la malezi," akasema mwalimu mkuu. "Tukiwatia pamoja na wengine watazama."

Rispah akamuuliza kuhusu yule mtoto wa Mreno mwenye duka la samaki. Sagesse alikuwa ametueleza: nyumbani kwao ni Kireno tupu, bibi yake ukienda dukani anakuonyesha bei kwa vidole. Huyo yuko A.

"Yule amezoea," akasema mwalimu mkuu.

"Amezoea nini?"

"Mazingira."

Rispah akaomba kuiona D. Tukazunguka bwawa. Yaya, nilikuwa najua, lakini kujua si kuona. Watoto walisimama wakatusalimia kwa sauti moja, na hapakuwa na sura hata moja isiyokuwa nyeusi. Wa Zimbabwe, wa Malawi, wetu, na Wazulu wa hapa hapa wanaokuja na teksi kutoka Alexandra, ambao babu zao ndio wenye nchi. Hewa ilitoka vinywani mwao kama moshi.

Garini Rispah hakuwasha injini. "Kila asubuhi namshusha Josiah pale mbele," akasema. "Sijawahi kuzunguka nyuma."

Jumatatu, 30 Julai

Nimemwambia Octave kwamba Rispah anataka twende mahakamani. Akaweka kofia yake ya ulinzi mezani, polepole, kama anavyofanya akikasirika.

"Mgeni akilalamikia chumvi, kesho hapewi mboga."

"Si chumvi, Octave. Ni mtoto."

"Umesahau mwaka wa duka la Elisée kule Diepsloot? Wenyeji walipolivunja, polisi walisimama wakitafuna karanga. Hao ndio unaenda kuwaomba haki?"

"Polisi si jaji."

"Mama Sagesse, wote wanalala katika nyumba moja."

Kisha akaenda kazini. Lakini mlangoni akageuka akasema kama tutaenda, nivae lile gauni la Pasaka.

Jumamosi, 4 Agosti

Rispah alikuja kuandika maneno yangu ya kiapo. Nilipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala kwa mikono, akaomba aongezewe. Nimeanza kumpenda. Akanieleza habari zake bila kuulizwa. Alisoma sheria kwa sababu alitaka kuwatetea watu. "Nikaishia kutetea mikopo," akasema, akajicheka. Mumewe Otieno anamwambia amepata kichaa, kwamba mtu hachezi na shule ambayo mwanawe anasoma. Na benki haimruhusu kumsimamia mtu mahakamani. Anafikiri afanyeje.

Nikamuuliza kama tulete mkalimani, maana kule Ofisi ya Wakimbizi kila mara tunapewa. Akapiga meza. "Mkalimani wa nini, Mama Sagesse? Si sote ni Waswahili?" Tukacheka. Nilijisikia fahari, yaya, kwamba kwa mara ya kwanza katika nchi hii naulizwa kwa lugha yangu.

"Wewe ni nani wa Sagesse?"

"Mimi ni mama yake."

"Kabla hujaja naye huku, aliishi wapi?"

"Aliishi kwa yaya, Uvira. Yaya alimlea mpaka akawa na miaka mitano, halafu akanikabidhi, nikavuka naye."

Akaandika. "Na huyo yaya bado yuko?"

"Yuko, Mungu asifiwe. Nampenda sana."

"Vizuri sana," akasema. "Wengi huwasahau."

Nikashangaa kidogo. Nani anasahau yaya wake? Lakini nikadhani labda kwa Wakenya ndivyo, wana mambo mengi.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake. Upepo umeanza, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye cherehani.

Jumatano, 15 Agosti

Rispah ameacha kazi ya benki! Amekuja mwenyewe kuniambia, kwa mguu kutoka kituo cha basi, maana gari lilikuwa la benki. Sasa yuko kwenye ofisi ndogo ya msaada wa sheria, Braamfontein, ghorofa ya juu, lifti imekufa. Nilimwekea mikono kichwani nikamwombea hapo hapo kwenye korido, wapangaji wakipita na ndoo zao. Alilia. Nilifikiri, huyu sasa ni wetu. Nilifikiri pia, Bwana, kama tukishindwa, nitamwambia nini mume wake?

Jumatatu, 20 Agosti

Tumekwenda kituo cha polisi kuapa. Rispah alinisomea tena yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. "Na mtoto alilelewa na yaya huko Uvira, sivyo?" "Ndivyo." Askari akaniambia niinue mkono wa kulia. Nikasaini.

Jumanne, 28 Agosti

Shule imepata habari. Hawajamfukuza Sagesse, hapana, wana adabu. Ila akinyoosha mkono darasani mwalimu anamwambia, "Muulize wakili wako." Sasa watoto nao wameudaka msemo huo. Akiomba kifutio, "Muulize wakili wako." Akienda chooni, "Wakili wako ameruhusu?" Ananisimulia akicheka, lakini chakula anakizungusha tu kwenye sahani.

Wazazi watatu wa D waliosema watakuja nasi wamejitoa. Mmoja, mama wa Zimbabwe, alinishika mkono pale kwenye kiduka cha spaza akasema, "Dada, makaratasi yangu." Sikumlaumu.

Jumapili, 2 Septemba

Pasta ametuombea mbele ya watu wote. Mvua bado. Watu wanasema mwaka huu itachelewa.

Jumatano, 5 Septemba

Siku ya kawaida.

Jumanne, 11 Septemba

Yaya, kaa chini usome haya ukiwa umekaa.

Tulifika mahakamani asubuhi, mimi na gauni la Pasaka, Octave akiwa ametoka zamu bila kulala, Sagesse na sare yake iliyopigwa pasi. Rispah alikuwa amevaa joho jeusi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulivaa mbele ya jaji, nikamshika mikono. Ilikuwa baridi kama samaki.

Jaji ni mzee mwenye miwani, si mtu mbaya. Wakili wa shule ni kijana mweusi, nadhifu, mwenye sauti tamu. Nilipomwona nilifurahi. Nikasema, huyu naye alisoma mahali fulani, ataelewa.

Akasimama, akaniinamia kidogo, akasema kabla ya kuzungumza darasa tuzungumze mama. Rispah alikuwa ananinong'onezea. Yule kijana akainua nakala ya karatasi yetu ya ukimbizi, ile tuliyoipa shule wakati wa kuandikisha. Pale penye Sagesse, mkalimani wa Ofisi ya Wakimbizi aliandika: mtoto wa dada. Na jina la mama: Denise. Wewe.

"Mheshimiwa, mama huyu ama aliidanganya Jamhuri, ama ameidanganya mahakama hii. Achague."

Nilitaka kusimama niseme, wewe mtoto, mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, kuna nini hapo cha kuchagua? Watu wote wananiita Mama Sagesse, hata wewe umeambiwa hivyo! Lakini huko mahakamani ukiwa umeapa kwa karatasi, karatasi ndiyo inayosema, wewe unakaa.

Halafu akasoma chini zaidi. "Anaapa pia kwamba huko Kongo mtoto alilelewa na mtumishi wa kulipwa. Lakini kwa karatasi hii, aliyekuwa na mtoto huko ni mama mzazi. Kwa hiyo mama mzazi, mheshimiwa, amegeuzwa kuwa kijakazi."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Rispah akanigeukia, uso umemkauka.

"Mama Sagesse. Yaya ni nani?"

"Yaya ni yaya! Yaya Denise, dada yangu mkubwa!"

Akafumba macho. "Kwetu," akasema polepole, "yaya ni msichana unayemlipa akulelee mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa, yaya. Siku ile kwenye meza yangu, tukila sombe, tukijisifu kwamba sote ni Waswahili, mimi nilikuwa nazungumza dada, yeye anaandika mtumishi. Na kituoni alinisomea, nikasema ndivyo, na ilikuwa ndivyo, masikioni mwangu. Angekuwa hajui Kiswahili hata kidogo angemleta mkalimani, na mkalimani angeuliza. Kujuana ndiko kulikotuua.

Rispah akasimama akajaribu kumweleza jaji. Alisema Kiswahili cha Kongo ya mashariki kina neno lake, na cha Kenya kina lake, na kosa ni la wakili, si la mama.

"Na wewe, wakili, unazungumza kipi?" jaji akamuuliza.

"Kile kingine, mheshimiwa."

Wakacheka tena.

Jaji alivua miwani. Alisema sheria hainyimi mlezi haki ya kumsemea mtoto; hata shangazi, hata jirani. Lakini tulikuwa tumeomba tusikilizwe haraka, kuwaruka wengine wote, na hawezi kuharakisha juu ya kiapo ambacho mstari wake wa kwanza hausimami. Akaitoa kesi kwenye orodha ya haraka. Turekebishe, turudi kwenye foleni ya kawaida. Rispah anasema foleni hiyo inafika mwaka kesho, Sagesse akiwa ameshatoka shule ile.

Neno D, yaya, halikutajwa. Mabati hayakutajwa. Mtoto wa Mreno hakutajwa. Watu wale wote wenye majoho walikusanyika kujua mimi ni nani.

Nje Octave alitembea mbele yetu. Angesema "nilikuambia" ningefarijika.

Jumatano, 12 Septemba

Jioni Sagesse alikuwa mezani, akasema, "Anti, naomba chumvi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Umeniitaje?"

"Anti." Hakuniangalia. "Yule wakili alisema ukisema wewe ni mama ni uongo wa kiapo. Nimesoma kwenye simu ya Papa Octave. Watu wanafungwa kwa hiyo."

"Mwanangu, hapa nyumbani hakuna jaji."

"Mtu anaweza kusikia."

Nikampa chumvi. Ningefanya nini kingine? Hajui kwamba amenichoma, anadhani ananilinda. Nilikwenda kwenye cherehani nikakanyaga bila uzi, tak tak tak, ili nisisikike.

Alhamisi, 13 Septemba

Anti.

Jumapili, 16 Septemba

Sikwenda ibadani. Nilisema naumwa kichwa. Mchana Rispah akaja, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta msiba.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Nilitaka kumwambia, ninyi Wakenya mnasikia nusu mnaandika nzima. Nilitaka kumwambia, ungeniuliza swali moja tu, yaya ni nani, swali la mtoto mdogo. Lakini alikuwa amekonda shingo.

"Kama ningeandika mlezi tangu mwanzo tungepita," akasema. "Neno moja. Nilitaka kuwa wakili wa watu, na mtu wangu wa kwanza nimemfanya mwongo."

"Kaa."

"Sistahili kukaa, Mama Sagesse."

"Kaa, sombe inapoa. Na usiniite Mama Sagesse kwa sauti, kuna mtu humu ndani anaogopa nitafungwa."

Nilisema kama utani. Nikamweleza habari ya anti. Akaweka kijiko chini, tukalia wote wawili kama wajinga. Sagesse akachungulia, akaona, akarudi chumbani.

Nikamuuliza kama atarudi benki. Akasema Otieno anamwomba kila siku. Akasema hapana. Sasa akimfikisha Josiah asubuhi anazunguka bwawa kwenda kuwasalimia watoto wa D, majina yao anayajua. Juzi mlinzi wa shule amemwambia wazazi wa A hawaruhusiwi kupita bwawa. Basi anasimama kwenye uzio wa nje, barabarani, anawapungia. Nao wanampungia. "Sifanyi kitu, najua," akasema. "Sijui tu nisimame wapi pengine."

Sina hasira naye tena. Ningependa niwe nayo. Hasira angalau ina mahali pa kwenda.

Alhamisi, 20 Septemba

Wingu lilikuja, likanguruma juu ya Yeoville, likaenda zake.

Jumatatu, 24 Septemba

Sikukuu ya urithi. Shuleni waliambiwa Ijumaa waje na mavazi ya asili. Nilimshonea Sagesse kitenge, blauzi na sketi, mikono ya puto kama ulivyopenda wewe. Mwalimu mkuu alimpiga picha, wakaibandika ukurasa wa mbele wa jarida la shule. Wanasema inapendeza sana. D ndiyo iliyopamba sherehe nzima.

Ijumaa, 28 Septemba

Yaya, leo shule zimefungwa. Ripoti imekuja. Kiingereza amepata alama za juu kuliko mtu yeyote wa D, na juu ya ukurasa imeandikwa D, na chini yake darasa la malezi. Shule mbili za sekondari zimeshasema hazina nafasi. Ya tatu haijajibu. Nimeiweka ripoti chini ya Biblia, si kwa imani, ni ili nisiione.

Nimeomba muhula mzima. Nimefunga. Nimeapa kwa mkono wa kulia. Sijui nimekosea wapi zaidi ya kusema ukweli kwa lugha yetu. Pasta anasema Mungu hachelewi. Labda. Lakini shule zina tarehe, na Mungu sijaona akiitazama kalenda.

Marthe anapanda basi kesho alfajiri, kwa hiyo sikiliza ninachokuomba. Rispah anasema kuna mlango mmoja umebaki. Nenda ofisi ya komine, mbele ya mkuu wa mtaa na muhuri wake, useme kwamba wewe Denise ndiwe mama mzazi wa Sagesse, na kwamba ulinikabidhi mimi mdogo wako, Léocadie, nimlee, kwa hiari yako. Waandike kwa Kifaransa, huku itatafsiriwa na mtu aliyeapa. Ikifika kabla ya mwisho wa Oktoba, Rispah anaweza kumrudia yule jaji mwaka huu huu. Hakuniahidi kitu. Nilimuuliza mara mbili, hakuniahidi.

Itabidi uandike wazi kwamba mama ni wewe na mimi ni mlezi. Usinionee haya, andika. Nilitaka kusema haitaniuma. Itaniuma, lakini andika.

Na pale penye yaya, wewe mwenyewe usiandike yaya, andika dada mkubwa.

Jambo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Azima simu ya mtu, hata dakika chache, uongee na mtoto. Bado ananiita anti. Nikimwambia aniite mama anaona namwingiza tena kwenye uongo, ananitazama kwa huruma kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. Neno langu kwake limekwisha nguvu. Lako halijakwisha, maana karatasi zote zinakujua. Mwambie wewe kwamba anaruhusiwa kuniita mama. Namba ya Octave ni ile ile.

Ukishasoma haya usingoje Marthe arudi. Nijibu upesi, yaya, kwa simu ya mtu yeyote, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Léocadie